Kengele Zikilia Zote Pamoja
Habari za wale wakeshao wakilinda mitambo ya umeme

Wahenga walisema: Kelele za mlango haziniwasi usingizi. Neno hilo hutumika kumsifu mtu mtulivu, asiyebabaishwa na maneno ya watu. Lakini, ndugu msomaji, ufikirie usiku mmoja ambapo mlango walia kwa sababu yuko mwizi anayeusukuma. Masikio yaliyozoea kelele za upepo hayatasikia tofauti yoyote. Mwenye nyumba atajigeuza kitandani, na asubuhi atakuta mbuzi hawapo zizini.

Juma hili twataka kuwasimulia habari za watu ambao kazi yao ni kusikiliza mlango usiku kucha. Ni wale wakaao katika vyumba vya kuongozea mitambo ya umeme. Nyaya za umeme twaziona zikipita juu ya mashamba yetu, na vijiji vingi siku hizi vimepata taa. Lakini ni wachache kati yetu waliopata kuingia katika chumba kile ambamo mitambo hutazamwa na kuamriwa. Kila kituo kikubwa kinacho chumba hicho, kiwe cha nguvu za maji kama Kidatu kwenye mto Ruaha Mkuu, kiwe cha makaa ya mawe, au cha nguvu za atomiki kama vilivyo vingi Ulaya na Marekani.

Ukiingia katika chumba cha mtindo wa zamani, waona ukuta mzima umejaa saa za kupimia, swichi na taa. Juu kabisa kuna safu za vidirisha vidogo, kila kimoja kimeandikwa maneno machache: maji ya tangi fulani yamepungua, mafuta ya mashine fulani yana moto mno, pampu fulani imesimama. Nyuma ya kila kidirisha mna taa. Mambo yakiwa sawa, taa haiwaki. Kipimo kikivuka mpaka wake, taa huanza kupepesa na honi hulia. Msimamizi hubonyeza kitufe, kama mtu asemaye, "Nimesikia." Honi hunyamaza, na taa huacha kupepesa, lakini hubaki inawaka mpaka shida iondoke. Katika vituo vipya vidirisha vimegeuka kuwa mistari ya maandishi kwenye kioo cha kompyuta, lakini desturi ni ile ile.

Jambo hili laonekana jepesi. Kengele ikilia, mtu ainuke akatengeneze. Na kweli ni jepesi, maadamu kengele ni moja.

USIKU WA THREE MILE ISLAND

Three Mile Island ni kisiwa katika mto Susquehanna, jimbo la Pennsylvania, Marekani, karibu na mji wa Harrisburg. Hapo palijengwa vinu viwili vya atomiki vya kufua umeme. Kinu cha pili kilianza kuuza umeme mwisho wa Desemba 1978. Hakikutimiza miezi mitatu.

Ili kuelewa yaliyotokea, yafaa kwanza tujue kinu kile kilivyofanya kazi. Ndani ya chungu kikubwa cha chuma mlikuwa na fito za madini ya urani zilizotoa joto kali. Maji yalizungushwa katikati ya fito hizo, tena yalibanwa kwa nguvu nyingi hata yasichemke, ingawa joto lake lilipita nyuzi 300. Maji hayo ya kwanza yalipita katika mabomba na kuyachemsha maji mengine, ya pili, yasiyochanganyika nayo kamwe. Na mvuke wa hayo ya pili ndio uliozungusha mashine ya umeme. Basi maji ya pili yalikuwa na kazi mbili: kuzungusha mashine, na kuyaondolea joto maji ya kwanza.

Saa kumi ya alfajiri, Jumatano tarehe 28 Machi 1979, pampu za maji ya pili zilisimama ghafula. Mashine ya umeme ikajizima yenyewe, kama ilivyotengenezwa kufanya. Maji ya kwanza, yakiwa hayana tena pa kupeleka joto lake, yakazidi kubanana. Valvu iliyoko juu ikafunguka ili kuyapunguzia nguvu. Na baada ya sekunde 8 tu fito za kuzimia zikashuka na kinu kikazimika. Mpaka hapo hakuna baya. Yote hayo mitambo iliyafanya yenyewe, upesi kuliko mtu awezavyo kuvuta kiti.

Nguvu ilipopungua, valvu ile ilipaswa kujifunga. Haikujifunga. Ilikwama wazi, na maji ya kwanza yakaanza kumwagika kwa njia hiyo. Na mjue kwamba kinu cha atomiki kikizimwa hakipoi mara moja. Ni kama makaa yaliyofukiwa majivuni, ukiweka mkono waungua. Lazima maji yaendelee kuzipoza zile fito kwa saa nyingi, hata kwa siku nyingi.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Ukutani palikuwa na taa ya valvu hiyo. Taa ilizimika, na wasimamizi wakaona ni sawa, valvu imefungwa. Lakini taa ile haikuunganishwa na valvu yenyewe. Iliunganishwa na waya wa kupeleka amri. Ilipozimika, maana yake ilikuwa: amri ya kufunga imepelekwa. Haikusema kama valvu imetii. Mzazi yeyote ajua tofauti kati ya "Nimemwambia mtoto awafungie kuku" na "Kuku wamefungiwa."

ZAIDI YA MIA KWA DAKIKA CHACHE

Wakati huo wote, kengele. Katika dakika chache za kwanza zaidi ya kengele 100 zililia, na hapakuwa na njia yoyote ya kuzinyamazisha zile zisizo na maana ili zenye maana zisikike. Nyingi hazikuwa hata shida mpya. Mashine moja ikisimama, vyote vinavyoitegemea navyo hupiga kelele, kama vile mtoto mmoja akianza kulia usiku wenzake wote huamka wakalia, na mama gizani hajui ni yupi aliyeumwa na nge. Tena katika kelele zote hizo hapakuwa na kidirisha hata kimoja kilichosema waziwazi: valvu imekwama.

Kilikuwako kipimo cha tangi lililopokea maji yaliyomwagika, nacho kilionyesha kwamba mambo si ya kawaida; lakini kiliwekwa upande wa nyuma, mahali ambapo msimamizi akisimama penye kazi yake hakioni. Kilikuwako pia kipimo cha joto la bomba litokalo katika valvu ile. Hicho kilisomwa, na kilikuwa juu. Lakini valvu ilikuwa ikivuja kidogo tangu siku za nyuma, hata joto la juu likawa jambo la kila siku. Ndiyo kawaida yake, walijiambia. Tusiwacheke. Nani kati yetu hajapanda basi ambalo taa nyekundu mbele ya dereva yawaka tangu asubuhi hata jioni, na dereva akiulizwa hujibu maneno hayo hayo?

Palikuwa na jambo jingine la kusikitisha. Pampu za akiba za maji ya pili zilianza zenyewe bila kukosea, lakini valvu mbili katika mabomba yake zilikuwa zimeachwa zimefungwa. Dakika 8 zilipita kabla mtu hajalitambua. Taa za valvu hizo zilikuwako ukutani. Moja ilikuwa imefunikwa na kadi ya mafundi iliyoning'inizwa juu ya swichi nyingine.

Palikuwa pia na kompyuta iliyochapa kila kengele katika karatasi kwa zamu. Kengele zilikuja kwa wingi kuliko mashine ilivyoweza kuchapa, nayo ikabaki nyuma, mwisho ikachelewa kwa zaidi ya saa mbili. Mtu aliyetaka kujua kinu kina hali gani alikuwa akisoma habari za zamani, kama mtu apokeaye barua ya kwamba baba yake ni mgonjwa siku ambayo wengine wanarudi kutoka mazishini.

Sasa twafika penye kosa lao kubwa. Wasimamizi walitazama kipimo cha maji ya kwanza, wakaona yanapanda. Walikuwa wamefundishwa kwa mkazo mwingi kwamba maji yakijaa mno mabomba yanaweza kuharibika. Pampu za dharura zilikuwa zimeanza zenyewe kumwaga maji ndani ya kinu. Wao wakaona maji yamezidi, wakazipunguza karibu kuzizima. Kumbe maji hayakuwa yameongezeka. Yalikuwa yanapungua kila dakika, na yaliyobaki yalikuwa yanaanza kuchemka, mapovu yake yakiyasukuma juu. Akina mama wanayajua hayo. Maziwa yakichemka hupanda mpaka ukingo wa sufuria, lakini hakuna aliyeongeza hata kijiko kimoja.

Muda wa saa moja na zaidi ukapita. Pampu kubwa zizungushazo maji zikaanza kutetemeka kwa sababu ya mvuke uliochanganyika na maji. Wakazizima mbili, halafu mbili nyingine. Sasa fito zikaanza kubaki wazi bila maji.

Valvu ya pili, iliyoweza kuziba njia ile, ilifungwa saa 12 na dakika 22 asubuhi. Aliyetoa shauri la kuifunga alikuwa msimamizi mwingine aliyefika kazini alfajiri ile. Yeye hakuwa amekaa saa mbili katikati ya kelele. Alitazama vipimo kwa macho ya mtu anayeingia kutoka nje, akauliza juu ya bomba lile lenye joto. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kukumbukwa kuliko yote ya asubuhi ile: hakuwa na elimu kubwa kuliko wenzake, alikuwa tu hajachoshwa.

Lakini madhara yalikuwa yamekwisha kuanza. Saa moja na dakika 24 kituo kilitangaza hatari kwa wote. Ijumaa gavana wa jimbo, Richard Thornburgh, alishauri wanawake wajawazito na watoto wadogo walio ndani ya maili 5 waondoke, na watu wengi zaidi ya hao walifunga mizigo wakaenda. Jumapili rais Jimmy Carter mwenyewe, ambaye zamani alifanya kazi ya vinu vya atomiki katika jeshi la majini, alifika akaingia mpaka katika chumba kile cha kuongozea. Hakuna aliyekufa katika ajali hiyo, na mnururisho uliotoka nje ulikuwa kidogo. Ila kamera ilipoteremshwa ndani ya kinu mwaka 1982 watu walishangaa, maana baadaye ilithibitika kwamba karibu nusu ya moyo wa kinu ilikuwa imeyeyuka. Hakikufua umeme tena.

Rais aliunda tume, mwenyekiti wake akiwa John Kemeny, mtaalamu wa hesabu na mkuu wa chuo cha Dartmouth. Mmoja wa wasimamizi aliiambia tume hiyo kwamba alitamani kuutupilia mbali ule ubao wa kengele, kwa kuwa haukumpa habari yoyote ya kumsaidia. Tume ilipotoa taarifa yake mwezi wa Oktoba 1979 ilikiri kwamba wasimamizi walikosea. Lakini ilisema pia kwamba mafunzo yao, vitabu vyao vya maagizo na chumba chao vyote viliwaelekeza kwenye kosa. Na jambo la kuudhi ni kwamba mwaka na nusu kabla yake, tarehe 24 Septemba 1977, valvu ya namna hiyo hiyo ilikwama wazi katika kituo cha Davis-Besse, jimbo la Ohio. Kule waligundua mapema, kinu kikiwa na moto kidogo tu, wakaokoka. Wako wahandisi walioandika barua za kuonya kwamba jambo hilo litarudi. Barua zilitembea toka meza hii hadi meza ile. Wale waliokaa mbele ya ukuta usiku ule hawakupata neno.

KENGELE NI YA NINI?

Baada ya hapo kila kituo cha atomiki Marekani kiliamriwa kukagua chumba chake cha kuongozea. Mtu angedhani mambo yamekwisha. Kumbe kompyuta zilikuwa zinakuja, nazo zilileta ugonjwa ule ule kwa njia nyingine. Zamani kila kengele ilihitaji waya, taa, na tundu ukutani. Iligharimu fedha, na mhandisi alifikiri mara mbili kabla ya kuiomba. Katika kompyuta kengele mpya haigharimu kitu. Kila mhandisi akaongeza zake, kila muuzaji wa mashine akaongeza zake, wala hakuna aliyepewa kazi ya kupunguza.

Matokeo yake yalionekana Jumapili moja, tarehe 24 Julai 1994, huko Milford Haven, katika nchi ya Wales. Hapakuwa kituo cha umeme, palikuwa mahali pa kusafishia mafuta, lakini chumba cha kuongozea ni kile kile. Asubuhi radi ilipiga na kuvuruga mitambo. Muda wa saa tano wasimamizi walihangaika nayo, na mchana palitokea mlipuko mkubwa. Watu 26 waliumia, na kwa bahati njema hakuna aliyeumia vibaya sana. Ingalikuwa siku ya kazi, huenda tungesema mengine. Wakaguzi wa serikali walipohesabu, waliona kwamba katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko wasimamizi wawili walipata kengele 275. Yaani kengele moja kwa kila sekunde 2 au 3. Hata kuzisoma haiwezekani, sembuse kuzitengenezea. Mtambo ule ulikuwa umewekewa kengele 2,040, na kati ya kila 100, kengele 87 ziliandikwa kuwa za daraja la juu. Na iko valvu iliyokuwa imefungwa, huku kompyuta ikisema iko wazi! Miaka 15 baada ya Three Mile Island.

Kutokana na mambo hayo chama kimoja cha Uingereza kiitwacho EEMUA kilitoa mwaka 1999 kitabu chake namba 191, ambacho wenye mitambo ya umeme na ya mafuta katika nchi nyingi wamekifuata. Swali lake la kwanza lampasa kila mtu mwenye kengele: ikilia, msimamizi afanye nini? Kama jibu ni "Hakuna la kufanya, ajue tu," basi hiyo si kengele. Iandikwe katika daftari, isomwe kesho. Kitabu chapendekeza kwamba siku ya kawaida msimamizi mmoja asipate zaidi ya kengele moja kwa kila dakika 10 hivi, maana akili ya mtu yahitaji muda wa kuona, kufikiri, kutenda, na kutazama kama tendo lake limefaa. Zikizidi 10 ndani ya dakika 10, hayo ni mafuriko. Kadhalika kengele za daraja la juu ziwe chache sana, kama 5 katika kila 100. Ikiwa kila mgonjwa zahanati ataandikiwa "haraka", mganga atabaki anachagua kwa kutazama nyuso.

Kazi ya kupunguza kengele yenyewe ni kazi ya uvumilivu, hasa ya kukaa na orodha. Mara nyingi huonekana kwamba kengele chache tu ndizo zinazopiga kelele nyingi. Chukua tangi la maji lenye mpaka wa kengele. Maji yakikaa karibu kabisa na mpaka, kila wimbi dogo huyavusha na kuyarudisha, na kengele hulia na kunyamaza, hulia na kunyamaza, mara mia kwa saa. Dawa yake ni ndogo: iambiwe isinyamaze mpaka maji yarudi mbali kidogo na mpaka, au isilie kabla jambo halijadumu sekunde kadhaa. Nyingine hulia kwa sababu mashine imezimwa makusudi ili isafishwe; mafuta hayatembei ndani yake, na kengele ya mafuta hupiga mayowe. Hizo hufundishwa kunyamaza kila mashine yao inapopumzika. Na pale mashine inapojizima kwa hatari, mtambo waweza kumwonyesha msimamizi ile kengele iliyotangulia kulia, ndiyo mtoto aliyeumwa na nge. Wengine watabembelezwa baadaye.

Iko pia ruhusa ya kuifungia kabatini kengele mbovu kwa muda, wakati fundi anaitengeneza. Hapo yatakiwa uangalifu. Iandikwe nani ameifungia, kwa nini, na saa ngapi itafunguliwa, la sivyo itakuwa ile kadi ya Three Mile Island iliyofunika taa.

SIKU ZILIPONYAMAZA

Msomaji asidhani kwamba shida ni kelele peke yake. Sikilizeni na habari hii ya pili.

Umeme una tabia ya kuelemeana. Njia moja ikikatika, mzigo wake huhamia njia nyingine papo hapo, kama wapagazi sita wabebao jeneza, mmoja akijikwaa watano huinama. Kule Kenya, tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru katika mto Tana akaangukia transfoma. Transfoma ikajikata, mashine nyingine za kituo zikaelemewa, na umeme ukapotea nchini kote. (Tumbili mwenyewe alipona.) Kwa hiyo kampuni za umeme zina vyumba vya kuongozea njia za umeme pia, si vituo tu.

Kimoja cha vyumba hivyo kilikuwa Ohio, Marekani. Alhamisi tarehe 14 Agosti 2003, saa 8 na dakika 14 mchana, programu ya kengele katika kompyuta zao ilikwama. Haikutoa ishara yoyote. Vioo viliendelea kuwaka mbele ya wasimamizi kama kawaida, na kwa kuwa hapakuwa na kengele, waliamini hapana shida. Dakika chache baadaye kampuni jirani iliwapigia simu kuuliza juu ya njia moja iliyokatika ikajirudisha. Wakajibu kwamba wao hawaoni kitu. Mafundi wa kompyuta waliarifiwa kwamba mashine zao zimeanguka, wakaziinua. Lakini hawakuhakikisha na wasimamizi kama kengele nazo zimefufuka.

Huku nje jua lilikuwa kali, nyaya zimebeba mzigo mkubwa, zikapata moto na kulegea mpaka zikagusa miti ambayo haikupogolewa. Saa 9 na dakika 5 njia ya kwanza kubwa ilikatika. Saa 9 na dakika 32 ya pili. Saa 9 na dakika 41 ya tatu. Katika kila nafasi hizo wangaliweza kupunguza mzigo, yaani kuzima sehemu ndogo ya wateja ili kuokoa waliobaki. Lakini nani azime taa za watu wakati ukuta hausemi neno? Walipoanza kushuku kwamba kengele zao zimekufa, muda ulikuwa umekwisha. Saa 10 na dakika 5 njia nyingine kubwa ilianguka, na katika dakika chache zilizofuata giza lilienea toka Ohio mpaka New York na kuvuka hadi Ontario katika Kanada. Watu milioni 50 walikosa umeme. Watu walikwama katika lifti na katika magari moshi ya chini ya ardhi. Vituo zaidi ya 260 vya kufua umeme vilijikata.

Mwone basi, usiku ule wa Pennsylvania ukuta ulisema yote kwa pamoja, na mchana ule wa Ohio haukusema lolote, na katika kila chumba walikuwamo watu wazima, wenye bidii, macho wazi, wasioona.

Tangu hapo mifumo mingi huwekewa mlinzi wa mlinzi. Kila sekunde chache programu ya kengele hutoa pigo moja dogo, kama mapigo ya moyo, kwa chombo kingine kilicho mbali nayo. Pigo lisipofika, chombo hicho ndicho kinacholia. Na katika vituo vilivyo na vidirisha vya taa iko desturi iliyo nzuri kuitazama. Chumba kinachotunzwa vema, mambo yakiwa sawa, ukuta wake huwa na giza kutoka upande huu hadi upande huu. Hata taa moja haiwaki, ili ya kwanza itakayowaka ionekane na mtu aliye mlangoni. Lakini giza laweza kuwa la amani, au la balbu zilizoungua. Kwa hiyo zamu mpya ikiingia, mmoja wao husogea akabonyeza kitufe cha kujaribia. Vidirisha vyote huwaka pamoja, honi hulia. Hutazama safu moja moja, kutafuta kilichobaki cheusi. Kisha hutoa kidole, ukuta ukarudi gizani, naye huketi.